Chozi la Bibi Aroita

Kitu kizuri hakipitishwi mbele ya nyumba ya Bureimoa. Hapo kijijini kwao, kisiwani Abaiang, hata mtoto anayetambaa analijua hilo. Ukipata kandambili mpya, unazungukia nyuma, minazini. Ukivua samaki mnene, unamfunika majani na unatembea kama mtu anayeumwa tumbo. Macho hayana pazia, na Bureimoa alishinda juu ya buia yake, ile sakafu ya nguzo isiyo na ukuta hata mmoja, akiitazama njia kama afisa wa forodha.

Rakera alikuwa mpwa wake wa damu, kwa hiyo hakuwa na udhuru. Lakini asubuhi ile msichana alikuwa amelewa furaha. Alitoka shuleni na kamera shingoni, kifua mbele, akapita palepale.

"Rakera, mwanangu! Hicho kidude shingoni ni nini?"

"Kamera ya shule, mjomba. Ya shule."

"Nimekusikia. Nina bubuti."

Basi, kwisha habari. Bubuti ni ombi la ndugu, na ombi la ndugu halina jibu la hapana. Kunung'unika utanung'unika baadaye, ukiwa umeuma mto. Kutoa unatoa, tena kwa tabasamu. Rakera akaivua kamera, akatabasamu meno yote, akaenda zake.

Tuseme ukweli, hakuwa amebeba kamera. Alikuwa amebeba safari ya Suva.

Mambo yalianza pale Brendan, mwalimu mgeni, aliposhuka kwenye boti na makasha yake, kutoka Brisbane, akapewa wanafunzi wa darasa la juu awafundishe kupiga picha na kutengeneza filamu kuhusu mambo ya kijiji na ya dunia. Huko Suva, mji wa ng'ambo, kungekuwa na mkutano mkubwa juu ya mabadiliko ya tabianchi. Filamu moja nzuri kutoka visiwani ingeonyeshwa mbele ya wakubwa wote, na mwenye filamu angepanda ndege kwenda nayo. Rakera hakuwahi kuvuka Tarawa, kisiwa cha jirani, na hiyo Tarawa yenyewe alikwenda kung'olewa jino. Tangu siku ile ndege ilimwingia kichwani, ikagoma kutua.

Brendan alikuwa kijana mwema, ila alikuwa na imani yake, na imani yake ilikuwa chozi.

"Watu wa nje wana shughuli nyingi," aliwaambia. "Usipowaliza dakika ya kwanza, wanakwenda kunywa kahawa. Nataka mwanamke mzee, anatazama bahari, hasemi kitu. Halafu chozi. Moja tu linatosha."

Alipomwona Bibi Aroita, nyanya yake Rakera, alishika kichwa. Yale makunyanzi! Aliyaangalia kama mtu aliyeokota lulu kwenye mchanga. Wakamketisha bibi ufukweni, upepo ukampeperusha nywele, jua likakaa vizuri, kila kitu kikawa cha huzuni isipokuwa bibi mwenyewe.

"Bibi, fikiria jambo la kusikitisha," Rakera alimbembeleza.

"Kama lipi?"

"Kama bahari kuichukua nyumba yetu."

"Si ilishaichukua? Tukajenga nyingine. Ile ya kwanza ilikuwa na panya." Akaanza kucheka. "Babu yako aliposikia maji yameingia alisema, afadhali, sasa panya wajifunze kuogelea!"

Akacheka mpaka akaegemea mnazi. Wakajaribu kesho yake, akacheka. Wakajaribu tena, akalala usingizi. Ndipo Rakera akaomba ruhusa aende na kamera nyumbani, amtege bibi peke yake, labda wakati wa kukatakata vitunguu. Na kadi ya kamera ilitakiwa kupanda boti ya Ijumaa. Na sasa kamera ilikuwa kwa Bureimoa.

"Lakini ni mali ya shule!" Brendan alipiga kelele. "Ulishindwa nini kumwambia hapana?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akaanguka chini ya meza.

"Brendan," alisema Rakera, "kofia yako iko wapi?"

Brendan akajishika kichwani. Kofia ilikuwa kwa Bureimoa tangu juma la kwanza. Bureimoa alianza kwa kumwita ndugu yangu, akamalizia kwenye kofia.

Rakera alipanga maneno siku mbili, ndipo mchana akarudi kwa mjomba. Akamkuta na ile kofia, kamera hana.

"Imekwenda kwa shangazi yako Teretia. Mwanawe katimiza mwaka, wana karamu. Kaja na bubuti. Ulitaka nifanyeje?"

Teretia naye, mikono imejaa mafuta ya karamu: "Loo, mwanangu, umechelewa! Katekista Mikaere kaiomba kwa ajili ya kwaya. Kaa ule kwanza."

Huwezi kukataa kula. Rakera akala wali na samaki, akala na keki, akafika kwa katekista na tumbo kama ngoma.

"Mzee Iobi anayo," alisema Mikaere, akitazama chini. "Alikuja, akakaa, akaiangalia. Hakuomba. Alinyamaza tu. Binti yangu, ule unyamavu wake nauogopa kuliko bubuti."

Hapo Rakera akaishiwa. Iobi alikuwa mkubwa wa wazee wa maneaba, lile jumba la mikutano, mtu ambaye hata mbwa walipita nyuma yake kwa adabu. Msichana wa shule hamwombi Iobi kitu. Akaenda nyumbani, akajitupa mkekani, akamweleza bibi yote huku akilia kwa kwikwi. Kamera ingekuwepo, chozi lingepatikana, ila la mtu mwingine.

Bibi Aroita alimsikiliza huku akihesabu vidole. Hakuwa anahesabu vitu. Alikuwa anahesabu watu.

"Iobi, Iobi... Mama yake Iobi alilelewa na shangazi yake marehemu babu yako. Alikula wali wetu huyo! Nipe lile gauni langu la maua."

Wazee walikuwa wamekaa duara, wakijadili ukuta wa bahari uliobomoka kwa mara nyingine. Bibi akaingia, akakaa kwenye nafasi ya ukoo wao. Rakera akamfuata ameinama, karibu anatambaa, maana kusimama wima mbele ya wazee waliokaa ni kutafuta laana. Kamera ilikuwa mapajani mwa Iobi, imefunikwa kwa kitambaa. Kumbe hata yeye aliogopa macho ya watu.

"Iobi, ndugu yangu," alisema bibi. "Nina bubuti."

Iobi alimtazama bibi, akalitazama paa, akatafuta msaada kwenye makuti, hakuupata. Akafunua kitambaa.

"Natoa kwa moyo mweupe," alisema, na uso wa mtu aliyemeza ndoana. Halafu akakohoa. "Na mimi, Aroita, nina bubuti. Tuone kilichomo humo."

Kwa hiyo jioni ile shuka la Teretia likatundikwa ndani ya maneaba, betri ya sola ya shule ikabebwa kwa toroli, na kijiji kizima kikaja na mikeka. Rakera alijikunja pembeni. Kazi yake yote ilikuwa juu ya shuka lenye doa la mafuta ya karamu.

Kwanza akatokea nguruwe wa Bureimoa, kwa muda mrefu kuliko nguruwe yeyote anavyostahili. Watu wakapiga makofi. Bureimoa alikuwa anamwogesha kando ya ukuta wa bahari, na kila wimbi liliporuka ukuta, watoto waliokuwa juu walipiga mayowe na kuteleza nalo hadi jikoni kwa watu. Ikaja karamu ya Teretia. Maji yaliingia chini ya mikeka katikati ya chakula, na wageni, bila hata mmoja kukatisha maneno, walinyanyua miguu, wakanyanyua sahani, wakaendelea kula. "Angalia Bureimoa alivyonyanyua sahani mbili!" mtu akapaza sauti. Ikaja kwaya, magoti tu. Kila kitu kilipigwa kutoka chini, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusimama juu ya vichwa vya wenzake ili apige picha. Ukitazama picha zile ulijisikia umekaa nao mkekani.

Mwisho ikaja picha ya Iobi. Ilikuwa kichwa chini miguu juu. Watu walipinda shingo. Mzee alikuwa ndani ya shimo la babai, yale magimbi makubwa ya karamu, na kamera alikuwa ameitundika kando, akidhani imezimwa. Aling'oa babai moja, ikatoka na matope, imeoza kwa maji ya chumvi. Akaing'oa nyingine. Akazishika zote mbili, akageukia upande wa bahari.

"Shimo hili alilichimba babu yangu," alisema Iobi wa kwenye shuka. "Hapa kwetu kila mtu huomba. Bureimoa ni mroho, lakini anaomba. Wewe umemwomba nani? Wewe hujui kusema hata nina bubuti. Unachukua tu. Mshenzi wewe!"

Na akairushia bahari babai.

Hakuna aliyecheka. Iobi wa kwenye mkeka alikuwa ameinamisha kichwa. Bureimoa akaivua kofia polepole. Kabla hajafikiri, Rakera alimshika Brendan mkono kwa nguvu.

"Ndiyo hii!" alinong'ona. "Brendan, filamu ndiyo hii!"

"Lakini chozi..." alianza Brendan. Kisha akanyamaza, maana lilikuwa linamtoka yeye mwenyewe.

Rakera aliiunganisha filamu siku iliyofuata, akigombana na kompyuta na kuwafukuza kuku. Nguruwe alipunguzwa, kwa machozi ya Bureimoa. Iobi aliachwa vilevile, kichwa chini. Ijumaa kadi ikapanda boti.

Jibu lilipofika, Brendan alifurahi mno akasahau yote aliyojifunza. Alikimbia moja kwa moja hadi maneaba, akalisoma kwa sauti mbele ya watu wote: filamu imechaguliwa, tiketi moja, ya mwenye filamu! Watu wakashangilia, akina mama wakaanza kucheza. Rakera aliruka juu. Alipotua, aliona Bureimoa anasafisha koo. Aliona Iobi anajinyoosha mgongo. Loo!

Lakini sauti iliyotangulia ilikuwa ya kike.

"Rakera, mjukuu wangu," alisema Bibi Aroita. "Nina bubuti. Hiyo safari."

Rakera alitabasamu meno yote. Akatoa. Usiku aliuma mto mpaka pamba zikatoka.

Siku zikapita, na bibi akawa hazungumzi kingine ila Suva. Kule kuna wali? Ndege ina choo? Akafunga mzigo wake kwa mkeka, akaukalia asiuguse mtu. Asubuhi ya safari kijiji kizima kilikuwa gatini. Rakera alisimama kando ya bibi, akitazama miguu yake.

"Mbona umenuna?" aliuliza bibi.

"Sijanuna. Safari njema, bibi."

"Mtoto mjinga! Bureimoa kaniomba nguruwe mwezi huu huu, ana haya ya kurudia. Iobi nilimtoa jasho mbele ya wazee, ana haya kunitazama. Sasa nieleze, kitu kikiwa kwangu, ni nani aliyebaki wa kuniomba?"

Rakera alimtazama. Akautazama mzigo. Kwenye kona ya mkeka ulichungulia mkono wa blauzi yake ya shule.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "nina bubuti."

"Sema kwa nguvu, Bureimoa asikie."

"NINA BUBUTI!"

"Loo, umenipata," alisema Bibi Aroita, akainuka kutoka juu ya mzigo. "Haya, chukua. Ningefanyaje?"

Injini ikanguruma. Rakera akaruka ndani ya boti akicheka na kulia pamoja, akipunga mikono yote miwili. Bibi alibaki ukingoni mwa gati, upepo ukimpeperusha nywele, jua limekaa vizuri, akiitazama bahari bila kusema neno. Na likamtoka chozi, jicho la kushoto, likashuka polepole kwenye makunyanzi.

Brendan alijipapasa kifuani, akajipapasa mifukoni, akageuka huku na huku kama mtu anayeungua. Kamera ilikuwa kwa Bureimoa, na Bureimoa alikuwa amelala kifudifudi kwenye mbao za gati, anapiga picha injini.