Albamu Yangu ya Peke Yangu

Baada ya miaka kumi na moja ya kupiga gitaa kwenye bendi ya arusi hapa Rumonge, nilichoshwa na maarusi. Nikatangaza kwamba narekodi nyimbo zangu za roki, peke yangu, zenye kelele na hasira, na hakuna atakayekata keki kwa nyimbo hizo.

Hiyo "peke yangu" ilidumu siku mbili. Ngoma sijui kupiga, kwa hiyo nikamwita mpiga ngoma wetu. Yeye akaja na mpiga besi, kwa sababu wanatumia pikipiki moja. Mpiga kinanda akaja kununa kwamba hakualikwa, ikabidi nimwalike.

Tulirekodi kwenye ghala la mawese la shangazi yangu. Katikati ya wimbo mkali kuliko zote, mlango ukafunguka, shangazi akaingia na birika la chai. Papo hapo bendi nzima ikapunguza mwendo, ikaingia kwenye ule mdundo wa kumsindikiza bibi arusi ukumbini. Shangazi naye akaanza kutembea polepole, birika mbele kama maua, hatua moja, anasimama, hatua nyingine.

"Hii iko muzuri," akasema alipotufikia. "Ile ya kwanza ilikuwa inaumiza kichwa."

Niliwafokea wote. Walipoondoka nikakaa kusikiliza rekodi, nijue ni nani hasa aliyeanza kuniharibia wimbo. Nikairudia mara tatu. Lilikuwa gitaa langu.