Gari Lililoendeshwa kwa Cherehani

Katika utumishi wake wote Bwana Nyaya alikuwa msoma mita za maji, kazi ya kuinama juu ya mashimo ya watu huku mbwa wao wakimtazama kama mfupa uliojileta. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na majirani baada ya kustaafu, walipoona kwamba kila atokapo dukani, mfukoni mwake huning'inia mkia wa waya. Wastaafu wenzake walinunua kuku. Yeye alinunua kibao cha kielektroniki kisichozidi kidole gumba, chenye chipu moja nyeusi iliyotii amri zote alizoiandikia kwenye kompyuta. Kwa kibao hicho akaifufua mashine ya zamani ya michezo ya televisheni, aliyoiokota jalalani akaipangusa kama mtoto aliyeanguka matopeni.

"Mita haikunijibu hata siku moja," alizoea kumwambia mkewe. "Kibao hiki hunijibu."

"Na mimi je, sikujibu?"

"Wewe hunijibu kabla sijauliza."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye subira, lakini subira nayo ina pindo lake. Meza ya chakula ilikuwa imetekwa: koleo, chuma cha kulehemu, betri, na vikombe vilivyojaa skrubu. Wenye nyumba walikula wakiwa wamepakata sahani, na siku moja Nyaya mwenyewe alitafuna skrubu akidhani ni karanga.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, mkasi mkononi, "Jumamosi mama anakuja. Nikiona waya hata mmoja hapa sebuleni, nampigia simu yule wa mkokoteni wa vyuma chakavu. Abebe vyote, na wewe ukipenda panda juu."

"Nimesikia, mama watoto."

"Na mfuniko wa sufuria yangu kubwa umeuona?"

"Labda paka."

"Paka gani? Tuna paka sisi?"

"Wa jirani."

Ukweli ni kwamba mfuniko ulikuwa umegeuzwa usukani. Nyaya alikuwa akiunda mchezo wa mbio za magari, na gari bila usukani ni kochi tu. Tena gari lataka kanyagio la kuongezea mwendo. Kwa hiyo chini ya kanyagio la cherehani ya mkewe alibandika sumaku, na chini ya zulia akaficha kihisi cha kuitambua sumaku hiyo kila iliposhuka. Mkewe akienda sokoni, yeye huchomoa cherehani kwenye umeme, akajitia kitini, mfuniko mikononi, akakanyaga.

Jumamosi ilipofika, alisafisha meza hadi mbao zikashangaa kuona mwanga. Kila kitu kikaingia sandukuni, sanduku likaingia mvunguni. Mfuniko, pamoja na waya wake, akausukuma nyuma ya kochi. Kibao chenyewe, kilichojificha nyuma ya televisheni, hakukizima. Hapo ndipo mapenzi yalipomponza. Jana yake alikuwa amepata alama nyingi kuliko siku zote, na kibao kile hakikuwa na kumbukumbu ya kudumu. Ukikizima, husahau yote kama mlevi alfajiri. Alijiuliza ni nani atakayechungulia nyuma ya televisheni, akakiacha macho.

Mama mkwe akaingia, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye marehemu mumewe hakumruhusu kugusa usukani wa gari lake hata likiwa limezimwa. Aliamkiwa, akaitikia, akaketi kwenye kochi.

"Mkwe, hebu niwashie taarifa ya habari."

Nyaya akawasha. Badala ya msomaji wa habari, skrini ikaonyesha barabara tupu na gari jekundu limesimama. Kabla hajairudisha televisheni kwenye habari, mkewe, aliyekuwa na mapazia ya nyumba ya wageni ya kumaliza, akakanyaga cherehani. Trrrr! Gari likachomoka.

"Linakwenda wapi hilo?" akauliza mama mkwe.

"Ni... ni kipindi cha magari, mama."

Mkewe akaacha kushona ili akate uzi. Gari likasimama.

"Mbona limesimama?"

"Foleni, mama."

"Foleni ya nani? Barabara nyeupe!"

Cherehani ikanguruma tena. Gari likaenda moja kwa moja mtaroni. Mama mkwe akaruka, miwani ikamdondoka nyuma ya kochi. Akaingiza mkono kuitafuta, akatoka na mfuniko.

"Mwanangu, si huu uliokuwa ukiulilia kwenye simu?"

Akauinamisha kulia. Gari likatoka mtaroni.

Mkewe akautazama mfuniko, akaufuata waya kwa macho hadi kwenye televisheni, na kutoka hapo akaufuata mwingine uliozama chini ya zulia na kuishia mguuni pake mwenyewe.

"Baba watoto."

"Naam."

"Paka wa jirani amejifunza kulehemu lini?"

Mkewe akainua simu, na Nyaya akauona mkokoteni wazi kabisa, na sanduku lake juu.

"Weka simu hiyo!" mama mkwe akafoka. "Shona!"

"Mama, huyu mtu amenidanganya mchana kweupe..."

"Utamgombeza baadaye. Shona, mwanangu, tumo kwenye kona!"

Binti ni binti hata akiwa na wajukuu. Akashona. Akashona pazia la kwanza kwa hasira, la pili kwa mazoea, na la tatu, Mungu amsamehe, kwa raha. Nyaya alitumwa jikoni kulinda sufuria iliyofunikwa kwa sinia. Huko alisikia "Kanyaga!" na "Polepole, mama, uzi unakatika!" Alipochungulia, aliona alama zake za jana zikipitwa kama mtu aliyesimama. Akameza mate, akarudi kwenye sufuria.

Jioni mapazia yote yalikuwa yamekunjwa. Mkewe aliyatazama, akaitazama simu, akaiweka mkobani.

"Mapazia ya siku tatu kwa siku moja," alinong'ona. Kisha, kwa sauti ya hakimu: "Nusu ya meza. Na mfuniko mpya kesho."

"Mkwe," mama mkwe akasema akitafuta viatu, "njia ya mwongo ni fupi, hilo nalijua tangu utoto. Lakini hii yako imezidi. Kona nne tu tumerudi tulikotoka. Nikija tena niikute imefika mbali."

Usiku haujaingia, Nyaya alikuwa amelitoa sanduku mvunguni na kuketi kwenye nusu yake ya meza, akiandika kona mpya. Alipomaliza ya kwanza, akausogelea mguu wa mkewe, uliokuwa juu ya kanyagio.

"Mama watoto, naomba nijaribu kidogo tu."

"Subiri," akajibiwa, macho kwenye skrini, mfuniko mikononi, "nimalize pindo."