Ukurasa wa Tatu wa Verna Pelkey

Verna Pelkey amekuwa mhasibu mkuu wa mji wa Harlow Mills kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna mkaguzi aliyemkuta na senti iliyopotea njia. Leja kuu ya mji anaijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumbani kwake gizani. Ukimuuliza chumvi ya kumwaga barabarani iligharimu kiasi gani mwaka ule daraja lilipobomoka, atakutajia hapo hapo, kisha atakuuliza wewe unatakia nini.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila mwaka, kabla ya mkutano wa mji wa mwezi Machi, ambapo wakazi hupigia kura matumizi, Verna huandaa ripoti ya mwaka: bajeti, mishahara, madeni, waliozaliwa, waliofariki, mpaka idadi ya mbwa wenye leseni. Na ukurasa wa tatu wa ripoti hiyo hutabarukiwa mtu mmoja aliyeutumikia mji, picha yake juu, sifa zake chini. Verna ameupanga ukurasa huo kwa ajili ya dereva wa greda. Ameupanga kwa ajili ya bibi aliyepiga kengele ya kanisa. Mwaka juzi aliupanga kwa ajili ya farasi. Farasi, jamani! Alikuwa akivuta magogo msituni, akafa na miaka thelathini na mmoja, na watu wazima wakalia machozi.

"Hata farasi," Verna alimwambia mumewe siku ile, akikata viazi kana kwamba vimemkosea.

"Alikuwa farasi mzuri lakini," mumewe akajibu.

Basi mwezi Januari mwaka huu Alden Stebbins, mwenyekiti wa baraza la mji, aliingia ofisini, akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Safari hii ukurasa wa tatu tuachie, Verna. Tutaupeleka wenyewe kwa mpiga chapa."

Verna ni mtu wa hesabu. Siri hufichwa nani? Si mwenyewe? Akajumlisha moja na moja, na Jumamosi akaenda kununua sweta la buluu. Wiki tatu nzima alikuwa na tabasamu, hata kwa Claudette Thibault.

Huyo Claudette ndiye karani wa mji, na meza yake inatazamana na ya Verna, uso kwa uso. Leseni za mbwa hutolewa kwake, kwa hiyo ana mkebe wa biskuti za mbwa na anajua jina la kila mbwa. Watu wanaokuja kulipa kodi ya nyumba humkabidhi Verna hundi bila kumtazama, kisha huegemea kaunta ya Claudette nusu saa. Kodi huku, vicheko kule.

Katikati ya Februari nakala ya kusahihishwa ikaja kutoka kwa mpiga chapa. Kila mwaka Verna huisoma mara tatu, rula chini ya kila mstari. Alifungua ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Claudette, mdomo wazi kwa kicheko, amempakata mbwa mkubwa kama ndama.

Kumbe walimficha Verna kwa sababu tu Claudette angechungulia kwenye kompyuta yake! Verna aliiweka rula kando. Hakugeuza ukurasa wa nne. Aliandika, "Sawa, chapeni," akatuma, akafunga.

"Una nini, mwenzangu?" Claudette akauliza ng'ambo ya meza. "Umekuwa mweupe kama maziwa."

"Tumbo."

"Nikuchemshie chai ya tangawizi?"

"Nimesema tumbo, sijasema nakufa."

Sasa, ambacho Verna hakukiona ni hiki. Sifa za Claudette hazikutosha ukurasa mmoja. Zilifurika mpaka wa nne, zikasukuma ripoti yote mbele ukurasa mmoja, ilhali kwenye ajenda ya mkutano namba za kurasa zilibaki zilezile za zamani.

Siku ya mkutano ukumbi wa michezo wa shule ulijaa, kinamama wakifuma soksi, harufu ya maharage ya kuokwa ikitoka jikoni. Claudette aliitwa mbele, watu wakasimama kumpigia makofi, akalia. Verna alipiga kwa ncha za vidole. Sweta la buluu lilikuwa linamwasha shingoni. Kisha Alden akasimama kueleza hoja ya tano, ya kununua greda jipya kwa dola laki mbili na themanini elfu.

"Fungueni ukurasa wa thelathini na moja," alisema.

Karatasi zikachakarika.

"Alden," akaita mzee Gaylord, mfugaji wa ng'ombe, "hapa kwangu kuna orodha ya marehemu."

"Hata kwangu!"

"Ndio watakaolipia greda?"

"Afadhali hao, hawalalamikii kodi!"

Alden alijaribu hoja nyingine, ya paa la shule, ukurasa wa arobaini na nne. "Mbwa watupu!" mtu akapaza sauti, na huko nyuma mwingine akabweka. Verna akafungua nakala yake kwa mara ya kwanza. Kidole chake kikasimama ukurasa wa nne, na tumbo, safari hii kweli, likamkata.

Kabla hajapumua, Claudette alikuwa ameshainuka kutoka meza ya kuandikia kumbukumbu. "Jamani, kosa ni langu! Mdomo wangu mnaujua, hata sifa zangu zimefurika. Nilaumuni mimi!"

Ukumbi mzima ukacheka, na makofi yakaanza tena.

Makofi! Verna akapiga hesabu. Vicheko kachukua, ukurasa kachukua, tena si mmoja, miwili. Sasa na kosa la Verna, kosa pekee katika miaka ishirini na miwili, Claudette analichukua na kushangiliwa kwalo? Alijikuta yuko wima.

"Kaa chini, Claudette. Kosa ni langu."

"Liache tu, Verna, wameshacheka, yamekwisha..."

"Ni langu! Andika. Mhasibu mkuu alirudisha nakala bila kufungua ukurasa wa nne."

"Wewe?" Gaylord akashangaa. "Wewe unayesoma hata karatasi ya pipi? Kwa nini hukufungua?"

Angeweza kusema tumbo. "Kwa sababu ukurasa wa tatu ulikuwa na uso wake," Verna alisema, "na mimi nilidhani utakuwa na wangu."

Kinamama waliacha kufuma, wakamgeukia.

"Kuanzia ukurasa wa nne, kila namba mnayosomewa ongezeni moja. Greda liko thelathini na mbili. Tuendelee, maharage yanapoa."

Wakaendelea. Maswali yote mpaka hoja ya kumi na tisa aliyajibu bila kufungua ripoti, na greda likapita.

Kesho yake Claudette aliweka rasimu ya kumbukumbu mbele ya Verna, bila utani. "Hiki kipande cha uso wangu... nikifute? Hakuna atakayeuliza."

Kumbukumbu za mwaka huu huchapwa kwenye ripoti ya mwaka ujao. Nakala mia sita, moja juu ya kila meza ya jikoni. Verna alijua hilo kuliko mtu yeyote. Alichukua rula, akaiweka chini ya mstari, akasoma mara tatu. Kila neno lilikuwepo, hata maharage.

"Kura za greda ni mia moja arobaini na tatu, umeandika arobaini na mbili," alisema. "Hiyo rekebisha. Hiki kiache."

"Una hakika, mwenzangu?"

"Kilisemwa au hakikusemwa?"

"Kilisemwa."

"Basi."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mtu na mbwa wake, wote wawili wakaenda moja kwa moja kaunta ya Claudette, na kicheko kikaanza. Ule mwiba ukapanda kooni kwa Verna palepale pake. Akafungua faili la ripoti ya mwaka ujao, na kwenye ukurasa wa tatu akaandika, kama anavyoandika kila mwaka, "Nafasi ya picha." Kisha akakaa akiitazama.