Nilikata Maneno ya Mama Mkubwa

Nimekosa, na sitaki mtu anipoze. Nilimfanya mke wa kaka yangu aonekane mwizi mbele ya kijiji kizima, kwa filamu ya dakika tano, halafu nikajiita msanii.

Mimi napiga video za harusi hapa Musoma, nakaa Kitaji. Nilikuwa nimechoka na keki na magauni, nikajiunga na darasa la filamu fupi. Nilipofika hatua ya pili kichwa kikavimba. Wenzangu walikuwa bado wanatikisa kamera, mimi nawacheka. Nikanunua na kofia ya kuonekana mwongozaji. Nikiikumbuka ile kofia najionea kinyaa.

Mwalimu alikuwa anatufundisha kuweka sauti ya mtu juu ya picha nyingine, na namna picha mbili zikikaa pamoja zinavyoleta maana mpya. Kazi tuliyopewa ni filamu ya dakika tano kuhusu mtu tunayemfahamu.

Nikaenda Murangi kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Anaanika dagaa pale ufukweni pamoja na mke wa mwanawe. Nimwite Nyangi, si jina lake. Walinipikia, wakaniacha nipige picha nitakavyo. Nikamuuliza mama mkubwa ni nani anamsumbua kwenye kazi yake. Akacheka, akasema, "Kunguru tu. Yule namjua. Anakujaga asubuhi, anakula dagaa zangu, anaondoka bila hata aibu."

Nyumbani nikaangalia nilichopata, nikaona kimepoa. Wanawake wawili wanaanika dagaa, wanapatana. Nani ataangalia hiyo? Basi nikaondoa "kunguru tu". Nikaondoa kicheko. Nikabakiza kuanzia "yule namjua" mpaka "aibu", na juu ya sauti hiyo nikaweka picha ya Nyangi anachota dagaa kwenye beseni huku anageuka nyuma. Alikuwa anageuka kumwita mtoto wake. Nilijua hivyo, maana nilikuwepo.

Nikaionyesha darasani. Mwalimu akaniuliza, "Huyu mama kweli anamsema mkwewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mkwewe ameiona?"

"Ameiona."

Hata simu sikuwa nimempigia. Wakanipigia makofi, na mimi mpumbavu nikaitupa kwenye kundi la ukoo ili wajue wana msanii.

Siku mbili baadaye kaka akanipigia. Huyu ndiye mtoto wa mama mkubwa, mume wa Nyangi. Akasema Murangi yote imeiona, watu wanamzomea mke wake pale ufukweni, na mama anakana kabisa kwamba alisema hivyo. "Wewe ndiye ulikuwepo," akaniambia. "Mama aliyasema hayo maneno?"

Pale ningemaliza yote kwa neno moja. Lakini filamu yangu ilikuwa imechaguliwa ionyeshwe kwa wageni siku ya kufunga darasa. Nikamjibu, "Kaka, si umeisikia sauti mwenyewe?"

Mtu mzima, na ndevu zangu.

Nyangi akafungasha, akarudi kwao Nyamuswa na mtoto. Halafu nikasikia mama mkubwa ameacha kubisha. Alikuwa anawaambia majirani, "Labda nilisema. Sauti ni yangu. Siku hizi naona nasahau."

Hilo ndilo lililonishinda. Mama anayekumbuka nani kazaliwa lini katika ukoo mzima, nimemfanya aogope akili zake mwenyewe. Nikamweleza mwalimu ukweli, filamu ikaondolewa. Nikaandika kwenye kundi la ukoo kwamba nilidanganya. Filamu ilikuwa imesambaa kila mahali. Maelezo yangu hakuna aliyehangaika kuyasambaza.

Nikapanda gari kwenda Murangi, klipu nzima iko kwenye simu. Mama mkubwa aliisikiliza mara mbili.

"Kumbe sijachanganyikiwa," akasema.

Hakunitukana. Aliingia ndani, akaniacha nimekaa uani, na chai hakuleta. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa kwake bila chai.

Kesho yake mimi na kaka tukaenda Nyamuswa. Nyangi alitupokea kwa heshima, akatuwekea viti. Mimi nikapiga magoti, nikaeleza yote, nikamwonyesha klipu. Aliitazama mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "na hii ya leo umeikatia wapi?"

Nikaapa kwamba ni nzima, haijaguswa. Akamgeukia mumewe. "Huyu ni mjinga, simhangaikii. Wewe umeishi na mimi miaka yote hii, ukaamini simu."

Tuliondoka wawili, kama tulivyokuja. Mpaka leo ninapoandika, Nyangi hajarudi. Kaka anakwenda kumbembeleza peke yake, na mimi nimeambiwa nisikanyage tena kwao, iwe Murangi au Nyamuswa.

Wapo wanaonifariji eti ni makosa ya mwanafunzi. Upuuzi. Mwanafunzi anakosea kwa kutojua. Mimi nilijua, ndiyo maana nilikifuta kile kicheko.

Wewe unayejifunza kazi hii sasa na kuanza kujiona mjanja, kabla hujamwonyesha mwalimu, kabla ya rafiki, mpelekee filamu yule aliyemo ndani. Kaa pembeni yake aitazame yote. Ukijikuta unatafuta sababu ya kutompelekea, basi umeshajua ulichomfanyia. Ifute siku hiyohiyo. Mimi niliona ni nzuri mno kuifuta, na leo hata nikimpa shemeji yangu ukweli mtupu mkononi, ananiuliza nimeukata wapi.