Mota Iliyovutwa kwa Kamba

Nilirudi Ifakara nikiwa na miaka arobaini na kitu, baada ya Tunduma, Chunya, Geita na sehemu nyingine ambazo sikumaliza hata miezi mitatu. Kila nilipoondoka nilikuwa na sababu, na kila sababu ilionekana ya maana hadi nilipofika nilikokwenda. Safari hii mke wangu hakunifokea. Alisema tu, huku akipepeta mchele, "Hiyo karakana ikikushinda, ondoka na godoro kabisa, nijue moja."

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, ubavuni mwa duka la mama mmoja ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Mashine ya kuchomelea nilikuwa nimeinunua Sanje, kwenye gereji iliyofungwa: dude la kiwandani, la umeme wa njia tatu. Nyumba ile ilikuwa na umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa majumbani. Nililijua hilo wakati nanunua. Nilijiambia nitajua mbele ya safari, kama ninavyojiambia siku zote.

Mteja wa kwanza alitoka Mchombe. Tela la pawatila yake, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, lilikuwa limekatika shingo, mpunga wake ulishavunwa uko shambani, na mawingu yalishaanza kukaa juu ya milima. Nikaunganisha nyaya mbili, ya tatu nikaiacha inaning'inia, nikagusa chuma. Cheche moja ya njano, kijiti cha kuchomelea kikaganda kwenye chuma. Nikakichomoa, kikaganda tena. Mara ya tatu taa za dukani zikafifia, friji ikaguna, breka ya umeme ukutani ikakata.

Mama wa duka alikuja mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Leo nimenyamaza, mwanangu. Friji yangu ikifa, chumba nakihitaji."

Mteja alikaa juu ya tela lake akitazama mawingu. Kwa mbali nilisikia honi ya treni ya kwenda Mlimba, na miguu ikaanza kuniwasha. Nilishapanga kichwani vitu vya kuingia kwenye begi: suruali mbili, koleo, redio.

Kilichonizuia ni kumbukumbu tu. Utotoni nilikuwa naenda na mama yangu kukoboa mpunga Lupiro. Kabla ya kuwasha umeme, mwenye mashine aliwaambia wanawake walio kwenye foleni washike kamba iliyozungushiwa gurudumu la mota wavute, nao walivuta, hakuna aliyeuliza kwa nini. Huenda naye alikuwa na umeme kama wangu; nikapanda pikipiki kwenda Lupiro kumtafuta yule mwenye mashine, sasa mzee.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimevihamisha vile vibati vya shaba ndani ya mashine, vya kuchagulia nguvu ya umeme. Sikuwa nimevigusa.

"Umeviacha kwenye volti mia tatu na themanini, halafu unailisha mia mbili na ishirini," alisema. "Mashine ina njaa, wewe unaigombeza."

Akanieleza nivihamishie upande wa mia mbili na ishirini, kisha nitafute mota ya njia tatu, niipe nyaya zangu mbili, ila kwanza niizungushe kwa mkono. Ikishashika mwendo, yenyewe itaizalisha njia ya tatu, na mashine nitaiunganisha kwenye hiyo mota. Ya kwake ya zamani ilikuwa stoo.

"Chukua. Nasikia wewe ni mtu wa kuondoka. Mota yangu isiondoke nawe."

Asubuhi iliyofuata mke wangu alikuja kutazama. Tukazungusha kamba kwenye puli, gurudumu la mota, mteja akavuta, nami nikawasha mapema mno. Mota ikanguruma palepale bila kuzunguka, breka ikakata.

"Una haraka ya kwenda wapi?" mke wangu akaniuliza. "Subiri ishike mwendo."

Akaikamata kamba pamoja na mteja. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa na mkono kwenye swichi na kungoja, na sijui kazi iliyowahi kunishinda kama hiyo. Wakavuta. Sauti ya puli ikapanda, ikapanda tena, ndipo nikawasha. Mota ikaendelea yenyewe. Nikaiweka mashine kwenye moto mdogo, nikachukua vijiti vyembamba, na chuma kikaanza kukaangika kwa sauti moja, bila kukatika. Nilipitisha tabaka tatu. Mteja alipanda juu ya shingo ya tela akarukaruka, akashuka, akaomba tumsaidie kulifunga kwenye pawatila.

Mama wa duka alikuja kusema friji ilitikisika wakati wa kuwasha tu. Akaweka sharti: kabla ya kuvuta kamba nipige hodi, aizime kwanza.

Wiki ile ile walifika wengine wawili wa Mchombe na matela yao. Mke wangu akachukua chaki, akaandika mlangoni: kufungua saa mbili, kufunga saa kumi na mbili, Jumapili baada ya kanisa. Niliyasoma maandishi hayo mara mbili.

"Umeandika kila siku," nikamwambia.

"Nimeandika siku unazokaa. Kama kuna ya kufuta, ifute mwenyewe."

Chaki alikuwa ameiacha dirishani. Nikatazama barabarani, lori la Mahenge limepita na vumbi lake halijatulia. Kisha nikaenda dukani kupiga hodi.