Meza ya Kukagua Wageni

Wiki jana, kwenye kituo cha kupimia majani chai karibu na Sosiot, dada mmoja wa televisheni alikuja kutafuta mgeni wa kipindi chao cha mazungumzo ya usiku.

"Nani hapa ako na wafuasi wengi mtandaoni?" akauliza, simu mkononi.

Foleni yetu ya wakulima ikasogea mbele. Mama aliyekuwa mbele yangu akamwaga majani yake mezani. Karani akayapekua kwa vidole, akatupa yaliyokomaa, akabakisha mororo.

"Umeona, madam?" mama akasema. "Hapa hakuna mtu anaangalia kikapu. Lazima umwage mezani, waone ni nini iko ndani."

Dada akatia simu mfukoni. "Haya mama, mwaga."

Mama akaeleza barabara ya matope, mbolea iliyochelewa, na binti yake anayetaka kulima chai badala ya kukimbilia Nairobi. Karani akasahau mizani.

Miaka yote kipindi hicho kimetuletea wageni wale wale wanne wa suti, waliokomaa kupita kiasi. Alhamisi hii kiti cha mgeni kitakaliwa na mama huyu.

Kabla ya kuondoka, dada aliipapasa ile meza. "Hii," akamwambia karani, "ofisini kwetu hatuna."