Leso Kwenye Laptopu ya Mghoi

Usiniulize kama nilikuwa nimelala au nimelewa. Pombe sinywi, na jambo lenyewe lilitokea mchana, jua la Voi likichoma mabati ya kibanda changu. Ningekuwa natunga, ningetunga kitu cha kunipa raha. Hiki kimenichosha.

Kazi yangu ni kurembesha laptopu. Ukiniletea yako ina mikwaruzo, naupiga mfuniko msasa, naufuta kwa spiriti, halafu nabandika kitambaa unachotaka na kukata kingo kwa wembe. Vijana wa chuo wanapenda sana kitenge.

Siku hiyo aliingia mama mmoja wa makamo, mpole, amebeba laptopu na leso ya maua ya zambarau.

"Nibandikie hii, mwanangu," akasema. "Ni ya binti yangu, Mghoi. Ukimaliza umpelekee kule Mbololo, nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Mwambie amalize masomo."

"Kwani wewe huendi huko, mama?"

"Mimi nimechoka."

Nilimwelewa. Nani hajachoka siku hizi?

Leso ilikuwa baridi, inanuka udongo uliolowa, na mvua tulikuwa hatujaiona kwa miezi. Nilipoitandaza juu ya gundi, mama akaweka kiganja chake juu ya changu, tuibonyeze pamoja. Niamini, ubaridi ulinipanda hadi begani. Gundi ambayo hungoja mpaka jioni ikakauka papo hapo. Nikainama kuchukua wembe, nilipoinuka, hayupo. Nikamuuliza fundi viatu anayekaa nje ya mlango wangu kutwa nzima.

"Mama gani?" akasema. "Mimi nimekusikia ukiongea peke yako."

Ningefanya nini? Kuitupa niliogopa, kukaa nayo pia niliogopa. Kesho yake nikaenda Mbololo.

Aliyefungua mlango alikuwa msichana aliyekonda. Nikamuuliza kama ndiye Mghoi, akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye laptopu. Akaingia ndani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Lilikuwa tupu. Akanieleza kuwa mamake aliuza ng'ombe kumnunulia laptopu ile, na tangu afariki, yeye aliifungia humo na kuacha chuo. Kisha akaipapasa leso.

"Hii tulimzika nayo," akasema polepole. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga."

Nikamweleza kuhusu yule mama aliyeniletea kibandani. Baadaye akaniuliza, "Alisemaje?"

"Alisema umalize masomo."

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana. Alisema tu amechoka."

Hapo ndipo alipolia, nami nikakaa naye mpaka jirani yake akaja.

Mghoi alirudi chuoni, nasikia anaendelea vizuri. Aliyebaki na mzigo ni mimi. Kiganja kile hakijapata joto tena, hata nikikisogeza karibu na jiko la makaa. Nalala mapema, naamka hoi kama niliyekuwa nikilima usiku kucha. Nimeombewa kanisani, nimepimwa hospitali. Wote wanasema sina kitu.

Kwa hivyo wewe unayerembesha vitu vya watu, mteja akikuletea kitambaa chake, kipokee, mpe kiti, fanya kazi yako. Akinyoosha mkono akusaidie kubonyeza, mwambie kwa heshima kwamba utaweza mwenyewe.